Mnunuzi amejitoa baada ya ukaguzi: msikimbilie saruji

SWALI: Assalaam alaikum. Mimi na kaka yangu tumerithi nyumba ya ghorofa mtaa wa Mkomani, Lamu. Hati ina majina yetu sote wawili. Tulipata mnunuzi wa milioni 14, tukaandikiana, akatupa mkononi arubuni ya asilimia 10, yaani milioni 1.4. Kisha akaleta mkaguzi kutoka Mombasa. Ripoti ikasema kuta za chini zina unyevu, vichwa vya boriti tisa vimeoza, na chumba cha wikio, kile kinachovuka juu ya njia, hakimo kwenye ramani. Mnunuzi amejitoa, anataka arubuni yake yote. Sisi laki sita tumeshaziweka kwenye kiwanja Malindi. Fundi wetu asema tupige plasta ya saruji, tupake rangi, tutafute mteja mwingine kabla ya Disemba. Kaka yangu amekubaliana naye, mimi roho inasita. Tuanzie wapi? – Msomaji, Lamu

JIBU: Wa alaikum salaam, dada yangu. Nianze na fundi, maana yeye ndiye anayeweza kuja kesho asubuhi na mfuko wa saruji begani: mwambieni asubiri. Katika yote mliyoyaeleza, hilo ndilo pekee litakaloigharimu nyumba zaidi ya mnunuzi aliyeondoka. Sababu zake nitazieleza chini. Kabla ya ukuta kuna pesa, na pesa ina tarehe.

Toeni mkataba wenu muusome upya, neno kwa neno, wala msitegemee mnavyoukumbuka. Sheria ya Mikataba ya Kenya, sura ya 23, inataka mauziano ya ardhi yawe kwa maandishi, yatiwe saini na pande zote, na kila saini iwe na shahidi wake. Kama karatasi yenu haina hayo, hakuna kati yenu anayeweza kumshtaki mwenzake atimize mauzo, na hiyo milioni 1.4 ihesabuni kuwa ni ya mnunuzi. Kama mkataba umekamilika na una kifungu kinachosema ununuzi utategemea matokeo ya ukaguzi, mnunuzi ametumia haki yake, na arubuni inarudi vilevile.

Penye mvutano ni pale mkataba ulipokamilika na hausemi lolote kuhusu ukaguzi. Hapo mnunuzi anayejitoa ndiye mvunjaji. Mikataba mingi nchini hufuata masharti ya mauzo ya Chama cha Mawakili wa Kenya, ambayo humtaka muuzaji ampe mnunuzi aliyekwama notisi ya siku 21 ya kukamilisha. Zikipita bila kitu, muuzaji avunje mkataba na abaki na arubuni. Kaka yako huenda ameshaambiwa hivyo barazani. Aliyemwambia pengine hakumalizia: ni lazima muuzaji naye awe tayari kukamilisha siku hiyo ya notisi. Nyinyi mmeuza nyumba pamoja na chumba cha wikio ambacho hamna karatasi ya kukithibitisha. Wakili wa mnunuzi ataanzia hapohapo. Kesi ya namna hiyo haiendi kwa kadhi, kwani Katiba imeziwekea mahakama za kadhi mipaka ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Itakwenda mahakama za kawaida, au Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo ina kituo Malindi, na nyumba itakaa imefungwa miaka huku kichwa cha boriti kikiendelea kuoza. Kuna na upande wa dini, kwa anayeujali: katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi Lamu, kubaki na arubuni ya mtu aliyerudi nyuma hakukubaliki; walioruhusu ni Hanbali.

Kwa hiyo rai yangu ni kuirudisha, ila msiirudishe bure. Ipelekeni kwa wakili iandikwe hati ya kuvunja mkataba kwa ridhaa, na ndani yake mpate vitu vinne. Cha kwanza ni muda: mkononi mna laki nane, basi zitoke laki nane sasa, na laki sita zilizobaki ziwe na tarehe yake, tuseme baada ya siku 90 au siku mtakayouza, ipi itatangulia. Cha pili, mnunuzi aandike kwamba hana dai jingine lolote juu ya nyumba. Cha tatu, aondoe zuio lolote aliloliweka kwenye rejista, kosheni kama wanavyoiita ofisini. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inamruhusu mnunuzi mwenye mkataba kuweka zuio, na zuio haliondoki lenyewe kwa sababu tu watu wameachana. Wauzaji wengi hulikuta miezi kadhaa baadaye, mnunuzi mpya anapofanya upekuzi wa hati. Fanyeni upekuzi wenu wenyewe wiki ileile hati ya kuvunja itakapotiwa saini, na tena baada ya laki sita za mwisho kulipwa. Cha nne, awape nakala ya ripoti nzima, pamoja na picha. Ripoti ni mali ya aliyeilipia, hamwezi kumlazimisha. Lakini mtu anayerudishiwa pesa zake bila vita huwa mwepesi wa kutoa karatasi ambayo haina kazi naye tena. Ikibidi, mrudishieni nusu ya gharama ya mkaguzi. Mtakuwa mmenunua kwa bei rahisi.

Hati miliki halisi kama iko kwa wakili wake, ichukueni kwa kusainiana. Ushuru wa stempu ni mzigo wa mnunuzi. Kodi ya faida ya mauzo, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida, hailipwi kwa mauzo yasiyofika mwisho. Kama mlikuwa mmeshailipa mapema, ombeni irudishwe.

Sasa ripoti yenyewe. Isomeni mkijua mambo mawili. Mkaguzi alifanya kazi ya mnunuzi, na kazi ya mkaguzi ni kuandika kila anachokiona ili asije akalaumiwa. Tena nyumba ya mawe ya Lamu haipimwi kama jumba la zege la Nyali. Kipimo cha unyevu cha umeme, kile chenye miiba miwili kinachochomekwa ukutani, kinapima jinsi ukuta unavyopitisha umeme, na chumvi hupitisha umeme. Ukuta wa matumbawe kando ya bahari una chumvi hata ukiwa mkavu, kwa hiyo sindano itaruka juu tu. Kama ripoti imetegemea namba za kipimo hicho peke yake, neno "unyevu" lichukulieni kama swali ambalo bado halijajibiwa. Bandikeni ukutani kipande cha nailoni safi, nusu mita kwa nusu mita, mkifunge kwa utepe pande zote nne, mkiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumbani, ni hewa ya pwani tu, na dawa yake ni kufungua madirisha.

Tuseme ni unyevu kweli. Swali linalofuata ni maji yanatoka wapi, na hapa vile vichwa tisa vya boriti ni ushahidi mzuri kuliko kipimo chochote. Chukueni karatasi, mchore kila chumba cha juu, mtie alama kila boriti mbovu na ukuta ilioingia. Boriti zilizooza kwa uzee tu hutawanyika huku na huku. Kama sita kati ya tisa zimo kwenye ukuta mmoja, kuna maji nyuma ya ukuta huo, na mahali pa kuanza kutafuta ni chooni kwenye birika, lile tangi la maji lililojengwa humo. Birika la zamani la chokaa likipata ufa mwembamba kama unywele hutoa maji kidogo kidogo miaka mingi bila mtu kuona, na ukuta huyanywa yote. Lijazeni hadi mahali penye alama ya penseli, mlifunike, msilitumie siku nzima. Maji yakishuka zaidi ya sentimita moja chini ya alama, mmempata mwizi. Baada ya birika angalieni milizamu ya darini, yaani mifereji ya kutoa maji ya mvua, hasa pale inapopenya ukuta, kisha sakafu ya dari kama ina nyufa, kisha nje: njia ya mtaa ikiwa imeinuliwa kwa kutiwa saruji mara kwa mara, huenda sasa iko juu kuliko sakafu yenu ya chini, na mfereji unaopita ukutani unawanywesha.

Unyevu unaopanda kutoka ardhini una sura yake. Huishia kwenye mstari, mara nyingi chini ya mita moja hivi, na juu ya mstari kuna unga mweupe wa chumvi. Unyevu unaoshuka kutoka juu huacha doa lenye umbo la ulimi. Mkaguzi aliyeandika "kuta za chini zina unyevu" bila kusema ni upi hajamaliza kazi.

Sasa turudi kwa fundi na saruji yake. Ukuta wenu ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake karibu nusu mita, na umeishi miaka yote kwa sababu unavuta maji na kuyatoa. Saruji ni ngumu na imeziba. Ukiipiga juu ya ukuta wenye unyevu, maji hayakauki, yanapanda. Mstari uliokuwa nusu mita unafika mita moja na nusu, unafikia vichwa vya boriti vilivyokuwa vizima. Chumvi nayo, badala ya kutokea juu ya plasta mkaifagia, inajikusanya nyuma ya saruji, inakomaa kuwa fuwele, inasaga jiwe kuwa mchanga. Baada ya misimu miwili ya mvua plasta hutoka kwa vipande vikubwa na uso wa jiwe ukiwa umeng'ang'ania nyuma yake. Mnunuzi mwingine atakayekuja na mkaguzi mwingine atagonga plasta mpya, atasikia uwazi, na ataandika kwamba wenye nyumba wanaficha. Hapo hamtakuwa tena watu wenye nyumba ya zamani. Mtakuwa watu wasioaminika. Na mji ni mdogo.

Kazi iliyo sahihi ni ndefu zaidi lakini si ghali kama inavyodhaniwa. Kwanza zibeni chanzo cha maji, kisha ndipo mguse ukuta. Bandueni plasta ya saruji iliyoko, kama ipo, hadi sentimita 30 juu ya mstari wa unyevu, kwa patasi na nyundo ndogo. Msitumie mashine ya kutetemesha. Chumvi ifagieni ikiwa kavu. Msioshe kwa maji, mtairudisha ndani. Kisha uacheni ukuta upumue. Mafundi wa kuta nene huhesabu mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu, na ukuta wa nusu mita ukikaukia pande zote mbili ni karibu miezi kumi. Hamwezi kungoja hivyo, na chokaa haiwalazimishi. Miezi miwili mitatu ya madirisha wazi inatosha kuanza, kwa sababu ukuta utaendelea kukauka kupitia plasta ya chokaa.

Vipimo: chokaa sehemu moja, mchanga sehemu tatu. Chokaa iwe imerowekwa kwa maji matamu. Ya mfuko ilazeni siku moja walau, ya tanuru la matumbawe ikikaa wiki kadhaa ndani ya maji inakuwa laini zaidi. Maji ya kisima chenye chumvi hapana. Mchanga wa ufukweni hapana. Na ule wa vilima vya Shela msiuguse, ndivyo vinavyotunza maji tunayokunywa. Mkiwa na shaka na mchanga, tieni konzi moja kwenye glasi ya maji matamu, koroga, acha yatulie, kisha onja. Ulimi haudanganyiki kwa chumvi. Plasta ipigwe kwa tabaka, kila tabaka isizidi milimita 12, muda wa wiki hivi kati ya moja na nyingine, na kila siku ukuta unyunyiziwe maji kidogo au ufunikwe gunia bichi. Chokaa inayokaushwa haraka na jua la kaskazi hupasuka na kuwa unga. Mwisho ni chokaa ya kupaka, nyepesi kama maziwa, mara nne au tano. Rangi ya mafuta au ya plastiki itafanya uovu uleule wa saruji.

Kwa hesabu: ukuta wa mita 10 uliobanduliwa kimo cha mita moja na nusu ni mita 15 za mraba. Unene wa milimita 25 unataka lita 375, na pamoja na upotevu lita 430 hivi. Hiyo ni debe 22 za mchanga na debe 7 za chokaa, kwani chokaa inaingia katikati ya mchanga na haiongezi ujazo sana. Mkijua idadi ya debe, mnajua na safari za punda, na fundi hatawabahatishia bei.

Boriti sasa. Kabla ya kukubali kwamba ni tisa, zipimeni wenyewe pamoja na fundi anayejua nyumba za mawe. Chukueni bisibisi bapa, mkandamize kichwa cha boriti mahali kinapoingia ukutani. Ikizama milimita chache tu, ni ngozi ya nje iliyochoka. Ikizama sentimita mbili tatu bila kutumia nguvu, kichwa kimekwenda. Gongeni na katikati ya boriti: sauti ya ngoma ni mchwa, sauti kavu ni uzima. Boriti iliyopinda kidogo katikati si lazima iwe mbovu. Sakafu ya mawe na chokaa iliyo juu yake, yenye unene wa sentimita 20 hadi 30, ina uzito unaokaribia kilo 400 au 500 kwa kila mita ya mraba, na mti uliobeba hivyo umri wa babu na bibi una haki ya kuinama. Wasiwasi uje kama kuna ufa mpya kwenye sakafu sambamba na ukuta, au kama boriti imeshuka ikaachana na jiwe la juu yake.

Uzito huo ndio sababu ya kutong'oa boriti zote kwa pamoja. Huwekwa mti wa kushikilia chini ya boriti zote, nusu mita hivi kutoka ukutani, ukiegemezwa kwa nguzo kila mita moja, na nguzo zisimame juu ya ubao; kama chini yake kuna chumba kingine, nguzo zirudiwe humo hadi ardhini, la sivyo mnahamishia mzigo kwenye sakafu isiyojiandaa. Kisha hutolewa boriti moja, mbili kwa wingi. Shimo lisafishwe, chini yake likalishwe jiwe bapa, boriti mpya iingie ukutani si chini ya sentimita 20, na kuzunguka kichwa ibaki nafasi ya hewa ya kidole kimoja au viwili. Pakushindilia pashindiliwe kwa chokaa. Saruji ikibana kichwa cha mti ndani ya ukuta wa bahari, mnaanza hesabu upya. Ulizeni daraja la boriti yenyewe, yaani unene wa sentimita 11.5 hadi 13.5, iwe imekauka na imemenywa gamba maana wadudu hukaa chini ya gamba, na muuzaji awe na kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS). Mazio, daraja la miti myembamba zaidi, ni bei ya chini, na wapo mafundi wanaoitia mahali pa boriti wakitumaini plasta itafunika. Pimeni.

Palipooza kichwa tu na mti uliobaki ni mzima, kuna njia nafuu: mti wa kulala kandokando ya ukuta chini ya vichwa vyote, umekaa juu ya mawe yaliyotokeza. Si mzuri kwa macho chumbani, lakini jikoni au ghalani haumsumbui mtu.

Kazi yoyote kati ya hizi inataka kwanza idhini ya ofisi ya Makumbusho ya Taifa hapo Lamu. Mji wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001 na unalindwa na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006. Watu huikwepa ofisi hiyo wakidhani itawachelewesha. Kwa muuzaji ni kinyume: barua ya idhini pamoja na picha za kabla na baada ni karatasi ambayo mnunuzi wa kutoka mbali huithamini kuliko maneno ya dalali.

Kuhusu wikio, msishtuke. Ramani ya ardhi huchora ardhi, na chumba hicho kiko hewani juu ya njia ya watu wote. Kutoonekana kwake si ushahidi kwamba si chenu. Lakini pia hakuna kitu kinachosema ni chenu, na hilo ndilo lililomtisha mnunuzi kuliko boriti, hata kama hakulisema. Vyumba vingi vya wikio viliunganisha nyumba mbili za ukoo mmoja; koo zikagawana, nyumba zikauzwa, ukuta wa upande wa pili sasa ni wa jirani. Angalieni mlango wa chumba unafunguka wapi, na ngazi yake. Tafuteni hati za zamani za nyumba, hata zile za kadhi zilizoandikwa kwa Kiarabu, huenda zinataja vyumba. Mji wa kale ulipimwa na kuchorwa miaka ya 1970 kwa ajili ya uhifadhi, kwa hiyo ulizeni Makumbusho kama michoro ya mtaa wenu ipo. Halafu nendeni kwa jirani wa upande wa pili, mapema, na kwa adabu, kabla hajasikia kwa watu kwamba mnauza. Mnachokitaka kwake ni makubaliano ya maandishi mbele ya wakili: chumba ni cha nani, kinaegemea ukuta wake kwa haki gani, nani atatengeneza kikipata ufa. Haki ya kuegemea inaweza kusajiliwa juu ya hati zote mbili, na hapo itamfunga hata atakayenunua kwake. Mkikosa kuelewana juu ya mpaka wa chini, yaani wa ardhi, mlango wa kwanza ni kwa msajili wa ardhi. Sheria ya Usajili wa Ardhi haimruhusu hakimu kusikiliza ugomvi wa mpaka kabla msajili hajauamua. Jirani akikataa kabisa, uzeni nyumba bila chumba hicho na bei iseme hivyo.

Kiwanja cha Malindi kina saa yake. Tazameni tarehe ya kukamilisha, mara nyingi ni siku 90 tangu kutia saini. Ombeni nyongeza ya muda kabla haijafika, na mkikubaliwa iandikwe na isainiwe na pande zote mbili. Ahadi ya simu haitawasaidia ikifika notisi ya siku 21. Kama kiwanja ni ardhi ya kilimo, na pembezoni mwa Malindi vingi viko hivyo, mauzo yanahitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba. Bila idhini mkataba unabatilika na pesa mliyotoa inadaiwa kama deni. Kwa kuwa mmeshaonja, mpelekeni na nyinyi mpima ardhi mwenye leseni awaonyeshe bikoni, yaani alama za mipaka, kabla ya kutoa shilingi nyingine, na hakikisheni mnanunua ardhi yenyewe. Malindi, kama Mombasa, kuna nyumba zinazouzwa bila ardhi, mwenye nyumba akimlipa mwenye ardhi kodi.

Msikope kujazia pengo hilo kwa matumaini ya kuuza kabla ya Disemba. Kazi ya chokaa haifanyiki ndani ya masika, na ikianza Agosti inamalizika vizuri wakati wageni wa kaskazi wanaanza kufika. Mkikosa msimu huu, mtauza ujao.

Mtakapotangaza tena, wekeni mezani ripoti yenu wenyewe, ya mhandisi aliyesajiliwa, pamoja na makadirio ya mafundi wawili kwa yale ambayo hamkuyatengeneza. Si lazima mtengeneze yote. Maji myazuie, karatasi za wikio mzimalize, lakini boriti za chumba ambacho mnunuzi huenda akataka kukibomolea dari, mwachieni na mpunguze bei. Tuseme boriti na plasta ni laki saba. Mtu asiye na makadirio mkononi ataogopa na kutaka apunguziwe milioni mbili. Mwenye makadirio mawili atabishana juu ya hizo laki saba. Na dalali apewe sentensi moja ya kusema, ileile mtakayosema nyinyi na kaka yako: mnunuzi wa kwanza aliondoka baada ya ukaguzi, ripoti hii hapa, yaliyotengenezwa ni haya. Habari yenyewe ilishafika uwanja wa Mkunguni siku ileile. Sheria ya nchi humwambia mnunuzi ajitazamie, lakini haimruhusu muuzaji kudanganya akiulizwa wala kufunika kwa makusudi. Na katika fikihi ya biashara anayeuziwa kitu chenye kasoro iliyofichwa ana hiari ya kukirudisha.

Kwenye mkataba ujao, ukaguzi ufanyike kabla ya saini, ndani ya siku 14 au 21. Mnunuzi akisisitiza ubaki baada ya saini, wekeni kiwango: matengenezo yasiyozidi asilimia 5 ya bei, ambayo kwa milioni 14 ni laki saba, yapunguzwe kwenye bei bila mtu kujitoa, yakizidi hapo, kila upande uwe huru. Na arubuni ikae kwenye akaunti ya wakili hadi siku ya kukamilisha, isipite mikononi mwako wala mwa kaka yako.